Kilichomvuta Mama Mdogo

Juzi nilikuwa stendi pale Singida mjini nasubiri basi, likapita lori la mizigo linanuka breki. Mnaijua harufu ile? Ya breki zilizokanyagwa mpaka zikaungua, kama kwato za ng'ombe zimetupwa motoni pamoja na kandambili. Abiria wote waliziba pua. Mimi nikavuta pumzi mpaka mwisho, tena nimefumba macho. Mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu na ndoo yake ya asali akaniuliza, "Dada, we mzima kweli?" Nikamjibu mzima kabisa, nimesikia harufu ya kwetu tu.

Kwetu ni Shelui. Kama umewahi kwenda Nzega kwa barabara umepita pale, umekunywa soda, umekwenda msalani, na jina umeshalisahau. Malori yakitoka Singida yanateremka mlima Sekenke kona kwa kona, dereva mguu hautoki kwenye breki, na yakifika kwetu chini magurudumu yanafuka moshi. Dereva anapiga honi kuwaambia watu kwamba kafika salama, anashuka, anauliza kuna chakula gani. Sisi watoto wa pale tulikua ndani ya honi na harufu hiyo, na tuliamini dunia nzima inanuka vile.

Nyumbani tulikuwa watatu. Babu, baba yake mama yangu, mkulima wa mtama na alizeti, mwenye ng'ombe wachache na maneno mengi. Mama mdogo Naomi, aliyekuwa na genge la chakula pale barabarani. Na mimi, Rehema. Mama yangu mzazi alifariki sijaanza hata kutambaa, na bibi alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo Mama mdogo, naye msichana tu wakati huo, ndiye aliyenifunga mgongoni na kunilea. Sikumjua mama mwingine. Mtu akiniuliza mama yako yuko wapi, nilikuwa namwonyesha gengeni bila kufikiri mara mbili.

Halafu akaja Mwalimu Maduhu. Alipangiwa shule yetu kufundisha sayansi akitokea kwao Maswa, Msukuma wa kweli, mwili kama mlango. Siku ya kwanza kufika nyumbani hakubisha hodi. Aliingia uani mchana kweupe, akamkamata jogoo wa Babu, akamning'iniza kichwa chini, akatangaza, "Wanyiramba, huyu ni wangu!" Mimi nikapiga yowe la mwizi. Babu akatoka ndani mbio na fimbo, akamwangalia, akasikia lafudhi yake, fimbo akaitupa chini kwa kicheko.

"Shikamoo mzee," Mwalimu akasema, jogoo bado yuko mkononi anapiga mbawa.

"Marahaba, mwizi wa Kisukuma. Umeacha ng'ombe wote kwenu umekuja kunimalizia kuku?"

"Nimekuja kuwaokoa, mzee. Mnakula mlenda mpaka hata maneno yenu yanateleza."

Ndiyo utani huo, si mnaujua. Mnyiramba na Msukuma wakikutana lazima wachokozane, na mtani akishika kitu chako huna la kusema, mpikie ale. Jogoo alichinjwa. Mama mdogo alimpika huku anacheka, Mwalimu akala kama watu wawili, na tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada alikuja kudai haki yake ya utani. Kuku walipopungua alikula maharage, hakulalamika.

Jumapili hizo ndizo zilizoniharibu. Mwalimu alikuwa na simu yenye intaneti, na kitu alichopenda kusoma si mpira wala siasa. Alikuwa anasoma habari za nyota. Siku moja, tumekaa uani baada ya kula, akaniambia, "Rehema, unajua zile nyota za usiku kila moja ni jua? Na nyingi zina sayari zake zinazizunguka, kama hii dunia yetu inavyozunguka jua."

Nikamuuliza, "Umeziona?"

"Hakuna aliyeziona. Chache sana zimepigwa picha, zinaonekana kinukta tu. Nyingine zote hazionekani."

"Sasa mmejuaje?"

Babu alikuwa kwenye kigoda chake anachokoa meno. Akapasuka kucheka. "Haionekani, lakini ipo! Msukuma huyo! Hata ng'ombe wao wa mahari wako hivyo hivyo, hawaonekani lakini wapo."

Mwalimu alicheka, lakini swali langu hakuliacha. Akaniambia nifikirie lori linateremka Sekenke jioni na taa zimewaka, mimi niko huku Shelui. Kumbikumbi mmoja apite mbele ya taa. Nitamwona? Sitamwona. Taa inanipofusha. Lakini kama nina kifaa kinachopima mwanga vizuri, kitaniambia mwanga umepungua kidogo, kidogo mno, kisha umerudi. Na kama umepungua tena, na tena, kila baada ya muda ule ule, basi kumbikumbi huyo hapiti njia, anaizunguka taa. "Wataalamu wa anga ndivyo wanavyovizia," akasema. "Nyota ikififia mara moja, wananyamaza. Mara mbili, wanaanza kunong'onezana. Mara tatu kwa muda ule ule, hapo ndipo wanasema."

Nikataka kujua zaidi. Wee, nilivyokuwa na maswali! Akanishika mikono yote miwili, akanizungusha pale uani mpaka miguu ikaacha ardhi na gauni likapepea, Mama mdogo anapiga kelele utamvunja mtoto. Aliponishusha, kichwa kinazunguka, akanionyesha chini aliposimama. Vumbi lilikuwa na duara dogo. "Unaona? Mimi na uzito wangu huu nilidhani nimesimama mahali pamoja. Kumbe wewe uliye mwepesi ulikuwa unanivuta, nikawa nayumba. Nyota nayo ni hivyo. Sayari inaivuta kidogo, nayo inayumba. Tukiona inayumba tunajua ina mwenzake."

"Na kuyumba mnakuonaje kutoka mbali?"

Wakati huo huo likapita lori barabarani linapiga honi. Akainua kidole. "Sikiliza. Linakuja, sauti nyembamba. Limetupita, sauti imekuwa nene. Mwanga nao una tabia hiyo. Nyota ikiyumba kuja kwetu, mwanga wake unaegemea bluu. Ikiyumba kwenda, unaegemea nyekundu. Kwa macho huwezi kuona, ila vyombo vinaona."

Mimi niliyezaliwa kando ya barabara ile, honi nilizozisikia hazihesabiki, sikuwahi kugundua kwamba zinabadilika. Nilikaa jioni nzima pale gengeni nasikiliza malori, nyembamba, nene, nyembamba, nene, nimeduwaa kabisa. Nadhani ndipo nilipojua raha ya kujua kitu.

Jumapili nyingine alinieleza kwamba mwanga ukipita pembeni ya sayari, unapenya kwenye hewa yake, na hewa ile inauachia alama, kama mtu aliyepitia jikoni anavyotoka ananuka moshi hata asiposema alikuwa wapi. Wataalamu wanausoma mwanga ule wanajua kule kuna mvuke wa maji, kuna gesi gani. Babu akauliza kama kuna malisho, maana kama yapo basi Wasukuma watakuwa wameshafika na mifugo yao. Na Jumapili nyingine alinionya: "Usifurahi haraka. Nyota zina madoa. Doa likizunguka upande wetu, mwanga unapungua, mtu anashangilia nimepata sayari, kumbe doa. Lazima uhakikishe kwa njia nyingine."

Onyo hilo liliingia sikio hili likatokea lile. Nilichokishika ni kimoja tu: kila kinachoyumba kina kitu kinachokivuta. Nikaanza kutazama watu. Mlevi mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akipita jioni anayumba barabara nzima, nami nikamfuata nyuma kwa uangalifu kutafuta kinachomzunguka, mpaka mke wake akanifukuza na mwiko. Mbuzi wa jirani akichechemea, nilimchunguza. Kisha nikamtazama Mama mdogo, na hapo mchezo ukaisha.

Mama mdogo alikuwa anayumba. Mtu mwingine asingeona, lakini mimi nililala naye kitanda kimoja, nilijua hata anavyopiga miayo. Kuna siku alitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, madereva wakalalamika, akacheka peke yake. Kuna siku alioga mchana, tena maji ya kubeba kichwani, akavaa kile kitenge cha kijani ambacho kilikuwa cha harusi za watu. Aliacha sentensi katikati. Alikwenda bombani kwa njia ndefu. Na usiku akipika alikuwa anaimba chinichini, sauti nzito ya ajabu, wakati kwaya nzima ya kanisa inajua Naomi anaimba sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa.

Nikaanza kuvizia kama nilivyofundishwa. Jumatano alikuwa hivyo. Alhamisi na Ijumaa mzima kabisa. Jumamosi tena. Wiki iliyofuata Jumatano, Jumamosi. Na ya tatu vilevile. Basi nikajua kuna kitu, na kitu hicho kinakuja Jumatano na Jumamosi.

Nilikipata. Jumatano na Jumamosi mchana lilikuwa linapita lori la saruji, na dereva wake, mrefu, mwenye kofia nyekundu, alikula gengeni kwetu tu, hali kwingine. Honi yake ilikuwa na milio mitatu ya madaha. Alimwita Mama mdogo "mrembo" na Mama mdogo alimwambia "kula uende." Mimi nikaona ushahidi umetimia. Nikamchukia yule baba kwa moyo wangu wote. Nilikuwa namwekea ugali wa pembeni, ule ulioshika sufuria.

Maana niliogopa, jamani. Nilikuwa nimeshamuuliza Mwalimu, sayari ikiivuta nyota, inaondoka nayo? Akanijibu hapana, zinazungukana tu, kila moja inaivuta nyingine. Sikumwamini. Pale barabarani sijawahi kuona kitu kinachovutwa kikabaki mahali pake. Lori bovu likivutwa na jingine linaondoka. Nilijiona asubuhi moja naamka kitandani peke yangu, na Mama mdogo yuko juu ya mifuko ya saruji anakwenda Mwanza.

Basi siku ya shule, wakati wa mapumziko, nikamfuata Mwalimu Maduhu akiwa ananawa chaki mikononi. Nikamwamkia. "Shikamoo Mwalimu. Nimegundua sayari."

"Marahaba Rehema. Wapi tena, mchana huu?"

"Nyumbani. Haionekani, lakini inamvuta Mama mdogo."

Mikono yake ikasimama ndani ya ndoo.

"Nimehakikisha mara tatu," nikasema kwa fahari. "Jumatano na Jumamosi. Anayumba sana. Ni dereva wa lori la saruji."

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima unabadilika vile. Kwanza ukawaka, kisha ukazimika ghafla. Akaniuliza dereva gani. Nikamwambia wa kofia nyekundu. Akaniuliza ana umri gani, anakaa muda gani, anacheka naye, Mama mdogo naye anacheka? Maswali hayo hayakuwa ya sayansi hata kidogo, nami nikayajibu yote kama mwanafunzi mzuri. Mwisho akajifuta mikono kwenye suruali yake nyeusi, ikabaki na maji na chaki, akasema taratibu, "Rehema. Umesahau madoa. Jumatano na Jumamosi kuna nini kingine?" Akaondoka, ndoo akaiacha pale.

Nilirudi nyumbani nafikiri njia nzima. Jumatano na Jumamosi kuna nini kingine? Kuna mazoezi ya kwaya, saa kumi jioni. Na kwenye kwaya ile nani anaimba besi, kama si Mwalimu Maduhu? Loh! Nilisimama katikati ya njia nikajishika kichwa. Ile sauti nzito aliyokuwa anaiimba jikoni haikuwa yake. Alikuwa anatoka nayo mazoezini.

Nilifurahi kwanza, nisiwadanganye. Nilimpenda Mwalimu kuliko mtu yeyote asiye wa ukoo wetu. Halafu furaha ile ikakatika, kwa sababu dereva ningeweza kumfukuza kwa ukoko wa ugali, lakini huyu ningemfukuzaje?

Habari ya kofia nyekundu ilimtia Mwalimu moto. Haikupita hata wiki akamtuma mshenga, kiongozi wa kwaya, mzee wa heshima mwenye koti, wakaja wote wawili. Mshenga akaanza vizuri kama inavyotakiwa, kwamba wameona jiko katika nyumba hii na wangependa kuota moto. Babu hakumruhusu amalize.

"Msukuma anataka mke!" akapiga makofi. "Haya, alete ng'ombe wa kujaza mbuga ya Wembere yote. Na mmoja awe anajua kuimba, maana huyu binti yangu ni mwanakwaya. Au utaniletea wale wasioonekana?"

Mshenga akacheka. Angefanyaje? Mwalimu naye ikabidi acheke, kwa sababu mtani hakasiriki, akikasirika yeye ndiye mwenye aibu. Wakanywa soda, wakaondoka bila jibu. Wakarudi tena, Babu akasema anataka mahari ya nyota, apimiwe kwa debe. Walipokuja tena aliwaambia binti ameshaozwa kwa mtu wa kwenye sayari, wamsubiri ashuke. Kila wakija anawakaribisha kwa shangwe, kila wakiondoka hawana walichokipata. Yule Mwalimu maskini alikuwa amefungwa kwa kamba aliyoileta mwenyewe siku ile ya jogoo. Kila alilosema pale uani lilikuwa utani.

Kisha ikaja barua ya uhamisho. Alikuwa ameuomba zamani kabla hajamjua Mama mdogo, ili arudi karibu na wazazi wake, na sasa ndipo umekubaliwa. Muhula ukiisha anaondoka. Mama mdogo aliposikia hakulia. Aliacha kuyumba. Chumvi ikawa sawa, kitenge cha kijani kikarudi sandukuni, jikoni kimya. Alikuwa anasimama mbele ya jiko anatazama sufuria tu. Nilikuwa nimetamani sana asivutwe na kitu, na nilipomwona vile niliumia mpaka nikashindwa kula. Usiku nilimshika mkono. Akanishika naye.

Nilimkasirikia Babu. Nilidhani uzee umemziba, haelewi kwamba watu wanasema kweli. Lakini mazoea yangu ya kuvizia hayakuwa yameisha, nikaanza kumtazama na yeye. Nikaona jambo. Akitoka kuwatania wale wageni, akimaliza kile kicheko chake kikubwa, uso wake unafifia. Chakula anakiacha nusu. Nikavizia mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu, vilevile.

Asubuhi moja tulikuwa tunapiga alizeti, yeye anapiga kwa fimbo, mimi napepeta. Nikamwita.

"Babu."

"Naam, mke wangu." Aliniita hivyo siku zote, kama babu wote.

"Mwalimu hatanii."

Akapiga fimbo moja, mbili. "Najua."

Ungo ukanitoka mkononi. "Unajua?"

"Tangu siku ya jogoo. Unadhani mtu anakuja kila Jumapili kula maharage ya mzee kwa ajili ya utani?"

"Sasa kwa nini unawacheka?"

Akaacha kupiga. Vumbi la alizeti lilikuwa limemjaa kwenye nyusi. "Kwa sababu nikiacha kucheka itabidi nijibu. Na jibu ni ndiyo." Akainua fimbo tena, akaishusha bila kupiga. "Nimemzika bibi yako. Nimemzika mama yako. Huyu akiondoka hapa, mimi nitakuwa na nani wa kuniuliza nimelala vipi?"

Nikainama kuokota ungo. Nilikuwa nadhani mimi peke yangu ndiye ninayeogopa katika nyumba ile.

Jumapili ya mwisho wa muhula Mwalimu alikuja na yule mshenga, nadhani kuaga tu, maana mshenga hakuvaa hata koti. Mwalimu akapiga magoti kidogo, "Shikamoo mzee," akasubiri tusi lake.

"Marahaba, mwanangu," Babu akasema. "Karibuni mkae."

Weee! Mfuniko ulimponyoka Mama mdogo kule jikoni, tukausikia unazunguka sakafuni. Mwalimu akabaki amesimama, jasho linamtoka, kwa sababu mtani wako akikuacha bila kukutania, ama amekukasirikia ama kuna msiba. Akageuka kumtazama mshenga. Mshenga akatazama chini.

"Kaa," Babu akarudia. "Umekuja na neno. Liseme."

Akalisema. Safari hii hakusema kwa fumbo la jiko wala moto. Alisema anampenda Naomi, anaomba amuoe kwa heshima zote, kwa sauti yake ile ya besi. Babu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita Mama mdogo, akamuuliza mbele ya wote kama neno hili analijua na analitaka. Mama mdogo akasema, "Ndiyo baba," kwa sauti ya mtu aliyekuwa amebana pumzi siku nyingi.

"Basi nimekubali. Mahari nitaongea na wazee wako, si na wewe." Babu akakohoa. "Ila Naomi haondoki peke yake. Huyu Rehema ni mwanawe, kamlea mwenyewe. Sitawatenganisha."

"Mzee, hilo tulishalipanga," Mwalimu akasema haraka. "Rehema ni wetu. Shule ya kule nimeshamuulizia nafasi."

Niwaambie mapema msije mkanihurumia bure. Mama mdogo na Mwalimu wako Maswa mpaka leo, na watoto wao ni wadogo zangu. Likizo zote nilikwenda kwao. Mwalimu bado ananipigia simu akisikia sayari mpya imepatikana, na sasa zimepatikana kwa maelfu, tunaulizana ilijulikana kwa kufifia au kwa kuyumba. Sikumpoteza mtu. Lakini wakati ule sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba nimepata nilichokuwa nakililia, Mama mdogo na Mwalimu na mimi, wote pamoja, na nilitakiwa kuruka kwa furaha.

Mama mdogo alikuwa ananitazama huku machozi yanamtiririka, amenyoosha mkono nimfuate. Nilianza kwenda. Kweli kabisa, nilipiga hatua. Babu alikuwa kwenye kigoda chake, anatabasamu, tabasamu zuri tu la mzee aliyeoza binti, na mikono yake yote miwili imeshika magoti kwa nguvu kama mtu aliyepakiwa nyuma ya lori anateremka Sekenke. Hakuniangalia. Nadhani alikuwa ameamua asiniangalie.

"Mimi nabaki na Babu," nikasema.

Mama mdogo akasema, "Rehema, mwanangu." Nikarudia, safari hii nalia kwa sauti, kwamba nabaki, nampenda, nitakuja likizo, lakini nabaki. Akaja akanikumbatia tukalia wote wawili pale katikati ya ua, Mwalimu kajishika kiuno anatazama mabati ya nyumba kana kwamba kuna kitu juu.

Babu alinyanyuka. Akatafuta fimbo yake iliyokuwa imeegemea ukuta, akaikosa, akaipata. Akasema ngoja akaangalie ng'ombe zizini, wasije wakawa wamekosa maji, akaondoka mbio mbio bila kugeuka. Tulimsikia akifungua mlango wa zizi, akaingia, akaurudishia.

Ilikuwa saa nane mchana. Ng'ombe walikuwa bado machungani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia.